Sahani ya Ksenija

Saa kumi na moja kasorobo kengele inalia,
inalia vibaya: Sista Tadeja ana bega bovu
na kamba imeganda kwa baridi ya usiku.
Mlio mmoja, kimya, kisha miwili kwa pupa,
kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni.
Tunashuka ngazi, sita sasa, tulikuwa saba,
soksi za sufu mbili mbili,
pumzi zetu zikitutangulia kanisani.

Upande wa kushoto unaanza zaburi, wa kulia unaipokea.
Huku watatu, kule watatu.
Mizani imekaa sawa kwa mara ya kwanza tangu nije
nami nauchukia usawa huu.
Zamani niliendesha basi Ljubljana, miaka kumi na tisa;
abiria aliyekoma kuja
dereva huendelea kumpunguzia mwendo kituoni.

Kisha kazi. Unga na maji, basi.
Chuma cha kuokea hostia kina umri kunizidi
na kina hasira: mpini umelegea, kinang'ata
(kitazame kidole changu cha shahada).
Mihaela anamimina, mimi nabana, nahesabu hadi ishirini.
Otilija, macho yameingia ukungu,
anachambua kwa ncha za vidole:
nzima huku, iliyomeguka kule.
Bondeni wameagiza elfu nne kwa Pasaka.
Kila moja nyepesi kuliko ukucha,
na jioni migongo inauma kama ya wabeba magogo.

Desturi ya nyumba hii ni ya kale, haina haraka:
akifa mtawa, sahani yake hukaa mezani siku thelathini,
msalaba mdogo kando ya kijiko,
na chakula chake hupewa mwenye njaa.
Mwenye njaa wetu ni Lojze,
mkata miti wa zamani, mikono inatetemeka
kwa sababu ambazo kijiji kizima kinazijua.
Siku ya kwanza alisimama kizingitini, kofia mkononi.
Siku ya tano alishajua kiti kipi kinayumba.
Tunakula kimya, mmoja anasoma;
akajifunza ishara zetu za mkate na maji,
akakosea mara moja tu, akapewa siki,
akainywa.

Ksenija ndiye aliyekuwa mpishi.
Ameacha viatu vya mpira, kisu kilicholika tumbo kwa kunolewa,
na deni la maziwa, yuro kumi na moja,
ambalo mimi mtunza ghala nililipa bila kuuliza.
Jinsi ya kupika supu hakuandika popote.
Tunapika kwa zamu. Hakuna anayesema neno.

Siku ya thelathini Mama Mkuu aliinua sahani,
akaiosha mwenyewe, akaifuta, akaifungia kabatini.
Nikaandika daftarini: walaji sita.

Siku ya thelathini na moja, saa sita na nusu, mlango unagongwa.
Amechana nywele. Kwapani ana kifurushi cha gazeti.
Tumesimama nyuma ya viti, sala imekatikia mdomoni,
tunamtazama Mama, Mama anaitazama Kanuni kichwani mwake:
imeandikwa mgeni apokewe kama Kristo,
haikuandikwa mpaka lini.
Otilija, asiyeona, ndiye aliyesogea,
miguu ya kiti ikapiga ukelele sakafuni.

Lojze akaketi, akaonja, akaweka kijiko chini.
Katikati ya maisha marefu ya mtakatifu fulani
akasema kwa sauti ya msituni:
"Chumvi, masista. Mwezi mzima nimevumilia.
Yule mama alikuwa anatia chumvi."

Msomaji akapoteza mstari.
Mihaela akaanza, mabega kwanza,
kisha Tadeja, bega lake bovu na lile zima,
mpaka Mama Mkuu akajifunika uso kwa kitambaa cha meza
na hatukujua anacheka au analia,
wala yeye, nadhani.

Ndani ya gazeti mlikuwa na mpini wa mwaloni,
mrefu kidogo kupita kiasi.
Kesho tunaoka elfu moja na mia mbili zilizobaki.
Daftarini nimeikata ile sita kwa mstari mmoja.
Juu yake bado sijaandika kitu.